Seva ndogo ya mafaili nyumbani, Tanga: kasi inaanguka kila nikinakili, na diski moja inatoroka kwenye RAID. Mchawi nani?

#1 Mwambao_RK
Habari wadau. Nimeunda seva ndogo ya kuhifadhia mafaili ya familia na picha za kazi. Sharti lilikuwa iingie kwenye kabati la TV na isipige kelele. Vifaa:

Lenovo ThinkCentre Tiny ya mtumba, i5-6500T, RAM GB 8, SSD GB 128 ya mfumo.
Diski mbili za inchi 3.5, TB 4 kila moja, Seagate Barracuda ST4000DM004.
Doki ya USB 3.0 ya nafasi mbili, ile ya kuchomeka diski wima. Adapta yake imeandikwa 12V 3A.
OpenMediaVault (mfumo wa seva ya mafaili), RAID 1 (diski mbili zenye nakala ile ile) ya mdadm (programu ya RAID ya Linux), juu yake mfumo wa mafaili wa ext4.
Swichi ya gigabiti na kebo ya Cat5e mita 15 hadi kwenye laptop.

Matatizo mawili. Kwanza, nikinakili folda kubwa inaanza na MB 112 kwa sekunde, ikifika kama GB 40 inaanguka hadi kati ya 12 na 20 na haipandi tena. Pili, usiku diski moja inatoka kwenye RAID, asubuhi naikuta inaitwa sdd badala ya sdb. Nyumba iko Raskazone, bahari naiona dirishani. Naomba wajuzi.

#2 kebo_nyekundu
Nawahi siti ya mbele.

#3 Mzee wa Terminali
Mkuu umeshajijibu kwenye orodha yako. ST4000DM004 ni SMR. Kwenye diski za aina hiyo njia za data zinapandana kama vigae vya paa, kwa hiyo kuandika upya njia moja kunalazimu kuandika upya zinazofuata. Ili usilione hilo, diski ina sehemu ndogo ya kupokelea data haraka, makumi ya GB. Sehemu hiyo ikijaa, diski inaanza kupokea kwako huku ikihamisha ya zamani kwenda mahali pake, na kasi inazama. Dalili zako neno kwa neno: inaanza vizuri, GB 40, chali.

Ukiiacha ipumzike saa moja au mbili bila kuizima, ukajaribu tena, itaanza vizuri tena. Jaribu hilo kabla hujanunua chochote.

#4 Fundi Makorora
#3 sawa kwenye kasi, lakini SMR haimfanyi sdb awe sdd. Diski ikibadilika jina ujue mfumo uliipoteza kabisa, kisha ukaiona kama ngeni. Hiyo ni USB. OpenMediaVault yenyewe ukitaka kuunda RAID kwenye ukurasa wake inakuficha diski za USB, makusudi. Bwana Mwambao lazima alipita mlango wa nyuma kwa amri. Kweli si kweli?

#5 Mwambao_RK
#4 kweli, nilitumia mdadm --create kwenye terminali. Nilidhani ni hitilafu ya ukurasa.

#6 Fundi Makorora
Si hitilafu. Wamechoka kujibu maswali kama hili lako.

#7 Sahare_Upepo
Tanga bwana, waja leo waondoka leo. Hadi diski 😂

#8 Kapteni Volti
Nimesoma kote, hakuna aliyegusa adapta. Hesabu ndogo tu. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye njia ya volti 12. Mbili pamoja ni ampea 4, adapta imeandikwa 3. Hapo hujahesabu volti 5 za bodi ya diski, ambazo doki inazitengeneza kutoka kwenye hizo hizo 12. Adapta inavumilia sekunde chache, inashuka, inapanda. Ikiwa mpya utaponea. Ikikaa kabatini na joto, kapasita zake zinakauka, na siku diski zote mbili zikiamka kwa pamoja usiku, volti inazama na mmoja anapotea.

Kipimo: multimita kwenye njia ya 12V wakati diski zinaamka, si wakati zimetulia. Ikigusa chini ya 10.8 umemkamata mwizi. Adapta ya 12V 5A yenye plagi ya kipenyo kile kile na chanya katikati inatosha. Hakiki alama ya chanya na hasi kwenye lebo, usibahatishe.

#9 Mzee wa Terminali
#8 zinaamka usiku kufanya nini? Labda zimewekewa kulala. Mwambao, umeweka muda wa kulala kwenye OpenMediaVault?

#10 Mwambao_RK
Hapana, sijagusa.

#11 BintiPangani
Hata asipogusa, doki nyingi za aina hiyo zina saa yake ndani. Zikikaa dakika 10 au 30 bila kazi zinazilaza diski zenyewe, bila kumwambia Linux. Mfumo ukija kuuliza, doki inachelewa kujibu, mdadm anahesabu diski imekufa anaitoa. Ndiyo maana ni usiku: mchana kuna mtu anatazama kitu, usiku hakuna.

Dawa ya muda ni kazi ndogo kwenye cron (ratiba ya kazi ya Linux), kila dakika 5 isome sekta moja kwa amri ya dd kutoka kila diski, iflag=direct ili isisomwe kutoka kwenye RAM. Si nzuri kwa LUKU lakini itakuonyesha kama tatizo ni usingizi.

#12 kebo_nyekundu
Tuna maelezo manne sasa. Nani anaongeza?

#13 Nakala_Tatu
Mimi. Kwenye terminali andika hii, itatoa kumbukumbu za mfumo kuhusu UAS (njia ya haraka ya Linux kuongea na diski za USB)

dmesg | grep -i uas

Ukiona uas_eh_abort_handler, basi ni chipu ya doki na mfumo wa UAS hazielewani. Linux inatuma maombi mengi kwa pamoja, chipu inapaliwa, mfumo unaiwasha upya bandari nzima ya USB. Diski zote mbili zinapepesuka, moja inarudi na jina jipya. Tibu kwa kuizima UAS kwa doki hiyo tu. Tafuta namba yake kwa lsusb. Chipu za JMicron huanza na 152d, mfano 152d:0578. Kisha kwenye /etc/default/grub ongeza usb-storage.quirks=152d:0578:u, halafu update-grub, washa upya. Namba weka ya kwako. Kasi itapungua kidogo, lakini kwa mtandao wa gigabiti hutaiona.

#14 Sahare_Upepo
Wakuu mnaongea utadhani yupo Dodoma. Kasema Raskazone, bahari naiona dirishani! Huku vyuma vinakula kutu hata bawaba za dirisha. Chumvi ikishika pini za SATA za doki, mguso unakuwa wa leo upo kesho haupo. Chomoa diski, angalia pini za doki kwa tochi. Ukiona ukijani au doa jeusi, safisha kwa alkoholi ya isopropili ya 99 na brashi laini, acha ikauke, chomeka na chomoa mara kadhaa ili pini zijikwangue. Usitumie maji, na usitumie ile spiriti ya bluu ya jiko, inaacha mabaki.

#15 Jembe la Pongwe
Chumvi mnaisingizia kila kitu. Doki ni mpya, pini zimepakwa dhahabu. Miezi michache haitoshi.

#16 Sahare_Upepo
#15 wewe upo Pongwe, bara hiyo. Njoo ukae Sahare kaskazi moja uone. Na dhahabu ya doki ya bei hiyo ni rangi tu, upakaji mwembamba wenye vitundu, chini yake nikeli na shaba.

#17 Mzee wa Terminali
Tusigombane. Kuna kipimo kinachoamua. Mwambao, toa ripoti ya afya ya kila diski kwa amri hii:

smartctl -a -d sat /dev/sda

Tupe namba za mstari wa 5, 194, 197, 198 na 199. Wa 5 na 197 ni sekta mbovu na zinazosubiri hukumu. 194 ni joto. 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na kilichoichomekea. 199 ikiwa kubwa kwenye diski moja tu, basi ni mguso au kebo, diski yenyewe nzima.

#18 Mwambao_RK
Nimeitoa.
Nafasi A: 5 = 0, 197 = 0, 198 = 0, 199 = 0, joto 51.
Nafasi B: 5 = 0, 197 = 0, 198 = 0, 199 = 214, joto 54.
Na dmesg ina mistari ya uas_eh_abort_handler, mingi tu.

#19 Sahare_Upepo
214! Nimesema.

#20 Nakala_Tatu
uas_eh_abort_handler! Nimesema.

#21 Kapteni Volti
Volti ikizama makosa ya 199 yanaongezeka vile vile, na chipu ya doki ikikosa volti 5 safi inaanza kupaliwa. Kwa hiyo na mimi nimesema 😂

#22 Jembe la Pongwe
Hamjaona joto? 54 diski ikiwa wapi, kabatini? Mlango umefungwa? Seagate wanaandika mwisho ni 60. Hapo usiku. Mchana wa Februari, chumba digrii 33, itakuwa ngapi? Diski zimesimama wima sentimita moja kati yake, hakuna feni, kabati la mbao. Weka feni ya milimita 120 ya volti 12, iunge kwenye volti 5 ya USB ili izunguke polepole, ielekeze katikati ya diski. Ilenge chini ya 45. Bila hivyo mnatibu homa kwa kubadilisha shuka.

#23 BintiPangani
Feni ndiyo, lakini na upepo wa Raskazone unaileta chumvi ndani. Weka chujio la sponji nyembamba upande wa kuingizia hewa, lioshwe kila mwezi.

#24 mchuuzi_wa_data
Kwa nini asiziweke kwenye boksi la plastiki lililozibwa, ndani mifuko ya silika? Chumvi hakuna, unyevu hakuna.

#25 Jembe la Pongwe
#24 unataka kuzioka? Diski mbili na doki ni wati 10 hivi mfululizo ndani ya boksi lisilopumua.

#26 Mzee wa Terminali
Na nyongeza kwa #24: usizibe kile kitundu kilichoandikwa kwenye diski kwamba kisifunikwe. Diski ya kawaida inapumua kwa hapo kupitia chujio ili shinikizo la ndani na nje lilingane. Za heliamu ndizo zimezibwa moja kwa moja, na hizo huanzia TB kubwa kubwa.

#27 kebo_nyekundu
Kumbe diski inapumua.

#28 Kisosora Net
Samahani nimechelewa. Mbona hamjaukagua mtandao? Kasi ya MB 12 kwa sekunde ni namba maarufu. Gigabiti kamili ni 125 kwa hesabu, kwa SMB (njia ya kushirikisha mafaili mtandaoni) unaona 110 hadi 113. Mtandao wa megabiti 100 ni 12.5 kwa hesabu, unaona 11 na kitu. Waya mmoja kati ya nane ukilegea kwenye RJ45, kadi zinakubaliana kushuka hadi 100, maana 100 inatumia waya nne tu. Ncha za kebo ya mita 15 zilibanwa na nani? Kama ni mwenyewe kwa koleo la bei rahisi, rudia ncha zote mbili.

ethtool jina_la_kadi | grep Speed

#29 Mwambao_RK
Speed: 1000Mb/s. Ila kwenye dmesg kuna sehemu mbili kadi ilishuka ikapanda na 100Mbps kisha ikarudi 1000.

#30 Kisosora Net
Tazama hiyo sasa.

#31 Mzee wa Terminali
#28 nakubali kebo ni mbovu, lakini Mwambao amesema kati ya 12 na 20. Kwenye megabiti 100 huwezi kuipata 20 hata ukiomba. Kwa hiyo angalau sehemu ya anguko haitoki kwenye mtandao. Auondoe mtandao kwenye hesabu: anakili faili la GB 60 kutoka kwenye SSD ya USB iliyochomekwa kwenye seva yenyewe, bila mtandao. Ikianguka pale pale GB 40, ni SMR.

#32 mchuuzi_wa_data
Si inaweza kuwa RAM? Ina GB 8, ikijaa ndiyo inaanguka.

#33 Mzee wa Terminali
#32 RAM inashika data ambayo haijaandikwa hadi asilimia 20 tu ya nafasi iliyopo, kwa kawaida. Hiyo ni GB moja na kitu. Haifiki 40.

#34 BintiPangani
Lingine: angalia cat /proc/mdstat kabla ya kunakili. Diski iliyotoka ikirudishwa, RAID inajijenga upya nyuma ya pazia na inakula kasi yote. TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7. Mtu anarudisha diski asubuhi, anaanza kunakili saa 4, analalamika kasi.

Ukiweka ramani ya ndani, mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0, diski ikitoka na kurudi kwa --re-add inasawazisha vile vilivyobadilika tu. Dakika badala ya saa.

#35 Mwambao_RK
Asante dada, hiyo nimeiweka. Ila anguko la kwanza lilitokea kabla diski haijatoka hata mara moja.

#36 Fundi Makorora
Tukubaliane doki hii haina maisha kwa kazi hii. Na kabla hajaitupa, onyo mbili kubwa.

Moja: doki za nafasi mbili nyingi zina kitufe cha kunakili diski A kwenda B bila kompyuta. Mtoto akikibonyeza, kwaheri. Ziba kwa gundi au mkanda.

Mbili: baadhi ya doki zinamwonyesha Linux sekta za baiti 4096 wakati diski inaonyesha 512. Siku ukiihamishia diski kwenye SATA ya moja kwa moja, jedwali la sehemu linasomeka vibaya na utadhani data imeyeyuka. Data ipo, rudisha kwenye doki utaiona. Kwa hiyo kabla ya kuhama, linganisha mstari wa ukubwa wa sekta kwenye smartctl na ule wa lsblk -o NAME,PHY-SEC,LOG-SEC. Ukiona tofauti, unanakili kwenda diski mpya, huhamishi.

#37 kebo_nyekundu
Sasa anunue nini? Mpeni njia jamani.

#38 Fundi Makorora
Njia mbili.

Ya bei nafuu: kompyuta ya ofisi ya mtumba ya umbo la SFF (kasha dogo la mezani), si Tiny. SFF nyingi zinabeba diski ya inchi 3.5 moja au mbili, zina SATA halisi na pawa saplai ya ndani iliyopimwa kwa kazi hiyo. Ni kama begi la shule kwa ukubwa, kabatini itaingia ikilazwa. Kagua nafasi za diski kabla ya kulipa, msiamini picha ya muuzaji.

Ya pili: bodi ndogo ya mini-ITX yenye prosesa ya Intel N100, SATA sita na bandari za mtandao za 2.5G, kasha la Jonsbo N2 lenye nafasi tano. N100 imewekwa wati 6, inatosha na inabaki. Pawa saplai nunua ya jina, usichukue iliyokuja na kasha la bure.

Na vigawanyio vya umeme wa SATA: zile plagi za plastiki iliyomiminwa kwa pamoja, hasa Molex kwenda SATA, zinaunguza. Waya ndani zinasogea hadi kugusana. Nunua zile ambazo kila waya umebanwa kwenye pini yake na kifuniko kinafunguka.

#39 Nakala_Tatu
N100 sawa ila angalia chipu ya SATA. Bodi nyingi zinatumia JMB585 au ASM1166. JMB585 inazuia prosesa isilale vizuri, unalipa wati kadhaa bure usiku na mchana. ASM1166 iko vizuri zaidi hapo.

#40 mchumi_wa_uniti
Mmenifikia. Tiny yake na diski mbili na doki ni kama wati 24 kwa wastani. Mara 24, mara 30, gawa kwa 1000: uniti 17 kwa mwezi. Aliye kwenye daraja la majumbani la uniti 75 kwa mwezi ametoa karibu robo. Akija na kasha la diski tano na prosesa kubwa, wati 50, ni uniti 36, karibu nusu. Akizidisha 75 anahamishiwa bei ya juu, na hapo seva inaanza kulipisha na friji. Kwa hiyo diski mbili kubwa kuliko nne ndogo. Kila diski ya 3.5 inayozunguka ni wati 4 hadi 5, uniti 3 na zaidi kwa mwezi.

#41 Sahare_Upepo
#40 asante, hiyo hesabu naibandika ukutani.

#42 mchuuzi_wa_data
Diski gani sasa? Mtu kaniambia WD Red zote ni salama kwa RAID.

#43 Mzee wa Terminali
Si zote. Mwaka 2020 WD walikiri kwamba Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR, baada ya watu kulalamika. Herufi za mwisho ndizo zinasema: WD40EFRX ni ya kawaida, WD40EFAX ni SMR. Baadaye wakatenga jina Red Plus kwa zile zisizo SMR. IronWolf ya TB 4 siyo SMR. Dukani usikubali kauli ya diski ya seva, soma namba kwenye lebo, itafute hapo hapo kwenye simu.

#44 Kisosora Net
Zinazopatikana kirahisi hapa mjini ni za CCTV, Purple na SkyHawk. Ila nasikia zinaruka makosa ili video isikatike, data inaharibika.

#45 Mzee wa Terminali
#44 zinafanya hivyo pale tu mashine ya CCTV inapotumia amri maalumu za kutiririsha video. Linux haizitumii. Kwenye seva ya mafaili inafanya kama diski nyingine. Purple ya TB 4 kwa nyumbani haina neno.

Na hapo hapo nitaje jambo hakuna aliyelitaja kwa Mwambao: Barracuda ni ya mezani, ikikuta sekta ngumu inaweza kung'ang'ana nayo zaidi ya dakika. Linux inasubiri sekunde 30 tu, kisha inakata. Diski za NAS (seva za mafaili) zinakata tamaa kwa sekunde 7. Jaribu kuiamuru nayo ikate kwa 7: smartctl -l scterc,70,70. Ikikataa, ongeza subira ya Linux: echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout, kila ikiwashwa.

#46 Kapteni Volti
#45 lakini 197 yake ni sifuri. Sekta ngumu iko wapi?

#47 Mzee wa Terminali
SMR ikiwa inapanga upya mambo yake inaweza kuchelewa bila sekta mbovu.

#48 Kapteni Volti
Hapo unaivuta.

#49 Jembe la Pongwe
Na nyote mnasahau UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, RAID 1 inabaki na nakala mbili zisizolingana, na mdadm haijui ipi sahihi. ZFS (mfumo mwingine wa mafaili) inajua, ina alama ya ukaguzi kwa kila kipande. UPS ya VA 650 yenye betri ya 12V 7Ah ni Wh 84 kwa karatasi. Kwa mzigo wa wati 25 pamoja na ruta, betri mpya inakupa saa moja na zaidi. Betri ya joto la huku ikizeeka, robo saa. Lakini UPS bila kebo ya USB kwenda kwenye seva ni nusu ya kazi. Weka NUT (programu inayosoma hali ya UPS), dereva usbhid-ups kwa zenye jina. Nyingi za bei rahisi zinakubali nutdrv_qx. Iamuru seva izime betri ikifika asilimia 40, usisubiri iishe kabisa.

#50 BintiPangani
Na doki nayo iwe kwenye UPS hiyo hiyo! Kuna watu wanachomeka kompyuta kwenye UPS, adapta ya diski kwenye eksitensheni ya ukutani. Umeme ukipepesa, kompyuta haijui kitu, diski zimezima na kuwaka. Mwambao?

#51 Mwambao_RK
... doki ipo kwenye eksitensheni ya TV.

#52 Kapteni Volti
😂😂😂 usiku!

#53 Sahare_Upepo
Kupepesa kwa umeme kungewatoa wote wawili, si B peke yake.

#54 Kapteni Volti
Si lazima. Mmoja anaweza kuvumilia mpepeso wa nusu sekunde, wa pili asivumilie.

#55 Kisosora Net
Nikitoka nje ya mada kidogo: nataka kuifikia seva yangu nikiwa Dar, nafungua bandari gani kwenye ruta?

#56 Nakala_Tatu
Usifungue yoyote, hasa 445 ya SMB. Januari 2022 Deadbolt (programu hasidi ya kudai fidia) ilifunga mafaili ya watu wengi wenye seva za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti. Tumia WireGuard (VPN). Na kwa ruta za laini ya simu hata ukifungua haitafanya kazi: tazama anwani ya WAN, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 uko nyuma ya anwani ya kushirikiana na wateja wengine. Hapo Tailscale (VPN nyingine) inapita bila kufungua kitu.

#57 Kisosora Net
Ya kwangu 100.8x. Shukrani.

#58 Nakala_Tatu
Na nakala ya nje msiipeleke yote kwa bando. TB 1 kwa kupandisha megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9 bila kupumzika. Jaza diski ya pili nyumbani kwa restic (programu ya kutengeneza nakala), ipeleke kwa ndugu Muheza au Korogwe mbali na chumvi, izungushe kila mwezi. RAID haikusaidii ukifuta folda kwa mkono, inafuta pande zote mbili kwa utiifu mkubwa.

#59 mchuuzi_wa_data
Diski yangu ya TB 4 inaonyesha 3.63. Nimepigwa?

#60 kebo_nyekundu
Hujapigwa, kiwanda kinahesabu kwa 1000, kompyuta kwa 1024. Hata mimi nilijua hiyo.

#61 Mwambao_RK
Nimerudi na majibu. Nimefanya haya: doki kwenye UPS, feni imewekwa (joto sasa 43 na 44), nimesafisha pini kwa isopropili, na nimebadilishana diski nafasi, ya A kwenda B. mdadm imezitambua bila shida. UAS sijaizima bado na adapta ni ile ile.
Usiku imetoka diski ya nafasi B tena. Yaani sasa ni ile nyingine.
Kunakili ndani kwa ndani bila mtandao, faili la GB 60: kasi imeanguka kwenye GB 38, hadi MB 17 kwa sekunde.

#62 Mzee wa Terminali
Kasi: SMR. Nimemaliza.

#63 Sahare_Upepo
Tatizo limebaki nafasi B. Pini! Ulizisafisha za diski au za doki?

#64 Nakala_Tatu
Nafasi B ni mlango wa pili wa chipu ile ile. Zima UAS kwanza.

#65 Kapteni Volti
Nafasi B ndiyo iko mwisho wa njia ya umeme kwenye bodi ya doki. Pima 12V kwenye B wakati zote mbili zinaamka, na 5V pia.

#66 Mwambao_RK
Za diski tu ndizo nilisafisha. Za doki sikufika, brashi haiingii.

#67 Sahare_Upepo
Funua doki, skrubu nne ziko chini ya miguu ya mpira. Piga picha pini za B uziweke hapa kabla hujazigusa na kitu.

#68 Kapteni Volti
Na ukiwa umeifunua, ncha nyeusi ya multimita kwenye ardhi ya plagi ya adapta, nyekundu kwenye 12V ya soketi B. Usianze na picha.